Isale Kabla ya Kosa

Hebu niambie wewe unayesikiliza: ukigongewa mlango asubuhi, ukafungua, ukamkuta mtu amekushikia jani la isale kwa mikono miwili, macho ameyaweka chini, utathubutu kumwambia hapana?

Uchagani hathubutu mtu. Jani lenyewe ni la kawaida tu, refu, jembamba, linafanana na la mhindi ila ni gumu zaidi. Limeota kwenye kila mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo, na mbuzi hawalitaki. Lakini likifungwa fundo na kuletwa na mkosaji, kosa limekwisha. Watu waliochomeana nyumba wamekaa mkeka mmoja kwa ajili ya jani hilo. Ndiyo maana Aikande, alipotoka nyuma ya kituo cha anga akamkuta mkuu wake, Bwana Mghamba, anakata isale kwa mkasi wa ofisini, alijua anakotumwa.

Masale ya kituo yalipandwa kwenye ndoo za rangi zilizotobolewa chini, zikapangwa karibu na tangi la magadi. Yalimwagiwa maji kila jioni hata siku ambazo wafanyakazi hawakuwa na maji ya kunawa. Mlima Meru ulipoamka na kuanza kutema jivu, kituo kiligundua kwamba jani hilo linafungua milango haraka kuliko barua yoyote, basi likaingizwa kwenye vifaa vya kazi pamoja na miwani na buti.

"Hili limenyooka," Bwana Mghamba alisema, akilipangusa kwa kiganja. "Fundo ulifunge wewe. Mimi Mpare nikilifunga litabatilika."

"Nani kaamua kuwa ni kijiji cha Nkwashari tena?"

"Upepo."

"Upepo wa leo una njia mbili."

Bwana Mghamba alimpa jani, akatazama juu. Hakukuwa na cha kutazama. Mbingu ilikuwa rangi ya sufuria iliyopikiwa kuni, na jua lilikuwa doa la manjano ambalo ungeweza kulikodolea macho usiumie. Mahali fulani juu ya sufuria hiyo alikuwa anazunguka Korongo.

Korongo kilikuwa chombo cha angani cha abiria kutoka Bukoba. Vyombo vya namna ile havina tangi la mafuta. Vinakula umeme wa mwale unaorushwa kutoka ardhini, kituo hadi kituo, mithili ya mtoto anayepokezwa mgongo kwa mgongo. Jivu likikaa katikati, mwale haupiti. Betri ya chombo inabaki ya kuzunguka kidogo na kutua mara moja. Kwenda kutua Mombasa au Dodoma haiwezi. Na kushuka ndani ya jivu ndiyo balaa zaidi, kwa sababu jivu la mlima si kama la jikoni. Ni vioo. Vipande vidogo kuliko unga wa muhogo, vinaingia kwenye mapanga ya chombo, vinayeyuka kwa joto, vinaganda, mapanga yanasimama.

Kazi ya Aikande ilikuwa kukamua wingu. Alikuwa na kundi la mbayuwayu, vindege vya chuma visivyo na rubani, kila kimoja kikubwa kiasi cha jogoo, tumboni vimebeba maji ya magadi. Vinaingia pembeni mwa wingu, vinanyunyiza. Vumbi la vioo linashikana kama unga kwenye uji, linakuwa zito, linaanguka. Panapoanguka, juu yake panabaki kichochoro cha hewa safi, na chombo kinapita humo kushuka kutua. Watu waliosikia habari hiyo mara ya kwanza walipiga makofi. Baadaye wakauliza: linaangukia wapi?

Redio ya kifuani mwa Aikande ilikwaruza. "Kituo, hapa Korongo," ilikuwa sauti ya Kapteni Nyakato, mama mmoja mtaratibu ambaye Aikande hajawahi kuonana naye. "Betri inatosha mpaka alasiri. Jua likianza kushuka sina cha kuwaambia watu. Chakula kimeisha. Kuna mama hapa alikuwa anampelekea mwanawe senene za mahafali, amefungua ndoo, tunagawana."

"Umebaki na wangapi wasiokula senene?" aliuliza Bwana Mghamba.

"Walikuwa wengi asubuhi. Sasa hayupo hata mmoja."

Bwana Mghamba alicheka kidogo, kisha akazima kicheko. Alimgeukia Aikande. "Kichochoro kinaweza kufunguka upande wa mteremko, jivu likaanguka Nkwashari. Au upande wa tambarare, likaanguka kwenye shamba la maua la kampuni ya Manjano. Manjano wamejibu kupitia wakili wao."

"Wamesemaje?"

"Wamesema hapana, kwa kurasa nyingi. Nailoni za mabanda yao zitabonyea, maua ya msimu yatapotea. Ukiangusha bila ruhusa watatushtaki mpaka mwisho wa dunia. Lakini Nkwashari," alinyoosha kidole kwenye jani, "mara ya kwanza walikubali. Mara ya pili walikubali. Ninyi Wachagga mna utu, mama. Sisi Wapare tungekuwa bado tuko mahakamani."

Sheria ya Ridhaa ilikuwa wazi: jivu haliangushwi juu ya ardhi ya watu bila wao kukubali kwa kinywa, mbele ya mkamuzi aliyekuja mwenyewe kwa miguu yake. Ilisema pia, kule mwishoni ambako wasomaji huwa wameshachoka, kwamba roho za watu zikiwa hatarini mkamuzi aweza kuangusha bila ruhusa, popote atakapoona panafaa. Ila kosa litakuwa lake peke yake, si la kituo. Cheti chake cha kazi atakirudisha, na kizimbani atasimama mwenyewe.

"Kile kifungu cha mwisho," Aikande alianza.

"Hakijawahi kutumika," Bwana Mghamba alimkatiza, bila ukali. "Nenda, mama. Barabara ya juu bado inapitika."

*

Gari la kituo lilimfikisha mpaka darajani. Kutoka hapo alipanda kwa miguu, kitambaa kimefunga pua na mdomo, kibao cha kuamrisha mbayuwayu kimening'inia kifuani, isale ndani ya mkoba.

Nkwashari aliijua kabla ya jivu. Mama yake mzazi alitokea ng'ambo ya bonde la mto, na utotoni walikuwa wanaletwa kula ndizi za ng'ande kwa shangazi. Wakati huo ukipita chini ya migomba unatembea kwenye kivuli cha kijani, na kila upande unasikia maji. Mifongo ilikuwa mitatu, mitaro iliyochimbwa na wazee wa zamani kuteremsha maji kutoka msituni hadi vihambani, na kila mmoja ulikuwa na sauti yake.

Sasa migomba ilisimama imeinamisha majani kama watu walionyeshewa. Jivu lililokamuliwa linaanguka kama tope, linakauka, linakuwa ganda gumu juu ya jani, na jani linavunjika. Hilo linavumilika, mgomba huchipua. Kisichovumilika ni chumvi iliyomo ndani yake, floridi, ileile ambayo tangu enzi iligeuza meno ya watu wa upande wa Meru kuwa ya kahawia. Kidogo inaharibu meno. Nyingi inaingia kwenye mifupa. Jivu la kwanza liliharibu mfongo wa chini. La pili likaharibu wa katikati. Yote miwili ilikuwa imezibwa kwa mawe ili hata kuku wasinywe. Kijiji kizima kilikuwa kinakunywa mfongo wa juu.

Mbele ya zizi la kwanza alimkuta Ruaichi, katibu wa kamati ya maji, anamlisha ng'ombe vipande vya mgomba. Ng'ombe alikuwa amepiga magoti ya mbele, anakula akiwa hivyo hivyo.

"Shimbonyi, mbe," Aikande alisalimia.

"Sha. Karibu, mkamuzi." Ruaichi alikuwa mtu wa mzaha hata msibani. "Huyu usimshangae. Anasali. Tangu jivu la pili amekuwa mlokole, kila akila lazima apige magoti."

"Miguu?"

"Mifupa. Akisimama analia." Alimkwangua ng'ombe shingoni. "Umekuja na lile jani?"

Aikande aliusogeza mkoba nyuma ya kiuno.

"Basi umekuja nalo. Bibi yuko juu, kwenye kazi ya msaragambo, wanafunika mfongo. Twende, nisije nikakosa kusikia tunavyokubali."

*

Bibi Ndeonansia alikuwa msimamizi wa mfongo wa juu. Alirithi kazi hiyo kwa marehemu mumewe, ambaye alirithi kwa baba yake, na neno lake ndilo lililohesabiwa kuwa kinywa cha Nkwashari. Walimkuta ameingia mtaroni mpaka magotini, kanga ameikunja kiunoni, anapanga magome ya migomba juu ya maji kama mtu anayeezeka nyumba ndogo. Huku na huku akina mama walikuwa wanashona magunia ya kahawa kuwa mafuniko marefu. Walikuwa wamefunika kipande kirefu. Kilichobaki wazi kilikuwa kirefu zaidi, kinapanda mpaka msituni kinapotea.

"Yabananisheni hayo magunia, msiyaachie nafasi," alikuwa anawaambia. "Jivu halina adabu, linapita hata tundu la sindano." Akamwona Aikande. Alinyoosha mgongo taratibu, akatoka mtaroni, akanawa mikono kwa maji ya mfongo, akaikausha kwenye kanga kidole kwa kidole. Kisha akainyoosha yote miwili mbele yake, viganja juu.

"Haya. Litoe, mwanangu."

"Shimbonyi, mae," Aikande alisema.

"Sha. Litoe tumalize, kuna kazi."

Akina mama waliacha kushona. Aikande alishika mkoba wake asiufungue. Aliona viganja vya yule bibi vinavyongoja, vimejaa mikwaruzo ya magome, na akaona kwamba havikuwa vinamsubiri yeye. Vilikuwa vinasubiri jani. Hata swali lilikuwa halijaulizwa.

"Mae, kwanza nikueleze. Juu huko kuna chombo…"

"Najua. Tumesikia redioni. Watu wa Bukoba, wana watoto. Wamekwama." Viganja bado vimenyooshwa. "Isale hulitoi kwa nini?"

"Kwa sababu isale huletwa na aliyekosa, akishakosa."

"Ndivyo."

"Mimi sijakosa bado. Nikikupa sasa, nitakuwa nakuomba unisamehe kitu ambacho nakwenda kukifanya nikishatoka hapa."

"Mara ya kwanza ulifanya hivyohivyo," Ruaichi alisema kutoka nyuma, kwa upole kabisa, kama anayemkumbusha mtu mwavuli wake. "Na ya pili."

"Nilifanya," alisema Aikande.

Redio ikakwaruza. "Mkamuzi, umefika?" Bwana Mghamba. "Korongo anauliza."

"Nimefika. Nazungumza na wenye ardhi."

"Kwani kuna mazungumzo?"

Bibi Ndeonansia aliteremsha mikono. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Aikande alishangaa kuona kwamba lilikuwa badiliko la hasira.

"Sikiliza, binti. Unafikiri unanitendea wema. Ukinipa jani, mimi ni mtu aliyeombwa akasamehe. Mume wangu angenisifu, na kanisani nitaingia nimeinua kichwa. Ukiliacha mkobani, mimi ni nani? Nikisema ndiyo, nimewanywesha sumu wajukuu zangu kwa hiari yangu. Nikisema hapana, wale wa juu wamekufa kwa mdomo wangu. Afadhali jani. Jani lina pa kushika."

Maji yalipita chini ya magome yakigugumia. Mtoto mmoja alikohoa ndani ya kitambaa na mama yake akamrekebishia kamba nyuma ya kichwa.

Aikande alikuwa amepanda mlima akiwa na mawazo kwamba jambo la haki lilikuwa moja tu, kutolitoa jani. Sasa aliona limebaki nusu. Kumwondolea mtu isale na kumwachia mzigo mikononi ni ujanja uleule uliogeuzwa nguo. Kituo kilikuwa kimempa Bibi maswali mawili yaliyosokotwa kuwa moja: je, watu waishi, na je, jivu liwaangukie ninyi. Kila mara alijibu la kwanza, na kila mara kituo kikachukua jibu hilo kikalitumia kwa la pili.

Alikibonyeza kibao. Mbali chini ya wingu, mbayuwayu waliokuwa wametulia juu ya paa la kituo waliinuka wote kwa pamoja, sauti yao ikafika mpaka pale, kama nyuki walioguswa mzinga.

"Aikande, umewarusha?" Bwana Mghamba aliuliza. "Wamekubali?"

Aikande alimgeukia Bibi. "Mae," alisema, "Korongo anatua leo. Ukisema ndiyo anatua, ukisema hapana anatua, ukininyamazia anatua. Hao watu si wako, ni wangu, nimeshawachukua. Hakuna atakayekufa kwa neno lako."

"Anatuaje, kama mimi nikikataa?"

"Kuna mahali pawili. Pa pili ni kwa Manjano."

Minong'ono ikapita kwa akina mama. Ruaichi alipiga mluzi mdogo. "Kumbe? Mara zile mbili palikuwa pawili pia?"

"Mara zote."

"Na wao walisemaje?"

"Walisema hapana. Hawakuletewa jani, wakasema hapana, na ikawa hapana."

"Maua yana paa," alisema mama mmoja mwenye gunia mapajani, si kwa nguvu. "Migomba yetu haina." Wengine waliguna. Lilikuwa jambo ambalo kila mtu pale alikuwa analijua tangu jivu la kwanza, na pengine kila mmoja alilisema jikoni kwake akiwa peke yake.

"Mkamuzi!" Sauti ya redio sasa ilikuwa karibu sana, kana kwamba Bwana Mghamba ameuweka mdomo kwenye kipaza sauti. "Sikiliza vizuri. Ukienda kule bila ruhusa sitakutetea. Siwezi. Nina kituo kizima."

"Naelewa, bosi. Piga ving'ora vya Manjano, wafanyakazi watoke mabandani wote. Hilo unaweza."

Kisha, mbali, upande wa tambarare, king'ora kilianza kulia, na kingine kikakipokea.

"Utapoteza kazi," Bibi Ndeonansia alisema.

"Inawezekana."

"Na utafungwa?"

"Sijui, mae. Hakuna aliyewahi kujaribu." Aikande alivuta pumzi ndani ya kitambaa. Palikuwa na ladha ya chuma. "Lakini hilo ni langu pia, usilibebe. Nikiamua mwenyewe bila kukusikia, nitakuwa nimefanya kama kituo, ila kwa upande mwingine. Naweza kuangusha kule, naweza kuangusha hapa. Nimekuja kuuliza moja tu, na sina jani mkononi. Ninyi mnataka nini?"

Bibi aligeuka akatazama mfongo. Akainama akaliweka sawa gome moja lililoteleza. Akalikandamiza kwa jiwe.

"Wajukuu zangu wawili wanachuma maua kule," alisema akiwa bado ameinama. "Msichana anasifiwa, ana mikono myepesi. Jivu likianguka kule kazi yao imekwisha. Watarudi nyumbani wataniuliza, bibi, ni wewe?"

"Watauliza," Ruaichi alikubali. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Kituo, hapa Korongo." Sauti ya Kapteni Nyakato ilikuwa ileile ya utaratibu, lakini nyuma yake palisikika watu wengi wakiimba, si kwa furaha, kama watu wanavyoimba wakati wa kungoja. "Betri inanionyesha nyekundu. Naomba mnielekeze kichochoro kitafunguka upande gani, nianze kugeuza."

"Subiri kidogo, kapteni," alisema Aikande. "Nangoja jibu."

"Naomba liwe fupi."

Bibi Ndeonansia alisimama. Mikono ilikuwa imelowa tena, na safari hii hakuikausha wala hakuinyoosha mbele. Aliiacha ining'inie ubavuni, inachuruzika. Alizungumza akiitazama redio ya kifuani kwa Aikande, kama aliyekuwa anataka wa upande wa pili wamsikie moja kwa moja.

"Mimi Ndeonansia wa mfongo wa juu," alisema. "Sitaki. Jivu la kwanza sikulitaka, la pili sikulitaka, nikasema ndiyo nikaenda kulia bandani kwa ng'ombe. Hili nalo silitaki. Lipelekeni kwenye maua."